Mlango wa Bati Nyuma ya Nyumba

Baba,

Bado ninausikia mlango wa choo. Ule wa bati, nyuma ya nyumba, kando ya migomba, wenye bawaba zilizoshika kutu. Ukifunguliwa ulilia kidogo, halafu upepo ukaunyakua na kuubamiza kwenye nguzo. Jumamosi ile nilikuwa nimekaa jikoni na Mama tukichambua maharagwe. Mlango ukabamizwa. Tukaendelea. Ukabamizwa tena kabla hatujamaliza ungo mmoja, na tena, nami nikasema upepo wa kwetu Ruiri leo umeamka vibaya. Mama akaongeza maharagwe kwenye ungo. Ulipita uani na jembe begani, ukakohoa kidogo kama kawaida yako, nasi tukainamisha vichwa juu ya maharagwe mpaka ukapita.

Jembe lile. Mgeni angedhani unaenda kupalilia. Maisha yako yote hukuwahi kwenda chooni mikono mitupu. Ulibeba jembe, au panga, au kamba ya ng'ombe, ukaizunguka nyumba kama mtu mwenye kazi, na sisi wanawake tukajifanya tunaamini. Hakuna aliyetufundisha. Tulikua tukijua kwamba baba hana tumbo, kwamba binti hamsalimu baba yake akitoka upande ule, kwamba neno lenyewe halitamkwi mkiwa pamoja. Nilipokwenda chuo na kusikia wasichana wengine wakiongea na baba zao lolote lililowajia mdomoni, niliona fahari. Nilijiambia kwetu kuna heshima.

Ninakuandikia kutoka Embu, kwenye chumba changu cha kupanga, adhuhuri, simu ikiwa mezani kando ya karatasi. Nitakueleza baadaye kwa nini nimeiweka karibu hivyo.

Kwanza habari za nyumbani, maana ungeziuliza kwanza. Yule ng'ombe mwekundu alizaa. Ndama jike, ana alama nyeupe pajani, na Mama amekataa kumpa jina mpaka mwaka uishe. Viazi vya upande wa chini vilipata baridi vikaungua majani, lakini maharagwe yalitoka. Mama siku hizi anamimina chai kikombeni, anaifunika kwa kisahani, anakwenda kukamua, anarudi kuinywa ikiwa vuguvugu. Unakumbuka ulivyokuwa ukiinywa wewe, sufuria ikiwa bado inatokota, ukisema chai iliyopoa ni maji ya kuoshea vyombo? Daktari alikuuliza kuhusu hilo, ukamtazama kana kwamba amekuuliza kama unapumua. Mama anasema ya vuguvugu haina ladha. Anainywa hivyo hivyo.

Na mlango ulinyamaza. Wiki ileile tuliyokuzika, Mwenda alikata ukanda wa tairi kuukuu, akaupigilia kwenye nguzo, mlango ukirudi ukawa unatua kimya. Hakumwambia mtu. Nilimkuta amesimama pale nyundo mkononi, akiufungua na kuuachilia, akiufungua na kuuachilia, akisikiliza. Wakati huo sikujua kwa nini kaka yangu analia mbele ya choo.

Ngoja nirudi nyuma, Baba, kwa sababu ninataka kulisema lote kwa mpangilio angalau mara moja.

Lilianza na ugali. Ulimlaumu Mama. "Mama Mwenda, huu umeusonga kwa simiti?" Tukacheka. Kisha likawa mukimo, hata viazi vile vya kupondwa, kisha mkate uliolowekwa kwenye chai, kisha uji, na mwishowe ukawa unakaa na kikombe cha maziwa mchana kutwa, ukimeza kidogo na kungoja, kichwa umekiinamisha upande mmoja kama mtu anayesikiliza kama mgeni amefika. Mashati yakawa ya mtu mwingine. Ulipokubali kamera iingizwe kooni, daktari alichora kwenye karatasi njia ya chakula na donge lililoiziba, akasema kwa upole kwamba huku kwetu anaiona saratani hii kila wiki. Ulitundikiwa kemo, ile dawa kali ya saratani. Ilikuangusha, na donge halikusogea sana. Ndipo akatuambia kuhusu dawa ya kinga.

Siku ile ninaikumbuka vizuri kuliko siku ya mazishi. Daktari alisema mwili una askari wake, na saratani imejifunza kuwatuliza ili wapite bila kuiona. Dawa hii haiui donge. Inawaondolea askari kizuizi. Akasema kuna inaowasaidia sana, kuna isiowasaidia kabisa, na hawezi kujua mapema wewe uko upande gani. Ulimsikiliza mpaka mwisho, kofia gotini.

"Kwa hivyo mnafungua mbwa," ukasema.

Hakuelewa. Ukamweleza kwamba mchana mbwa wako hukaa kwenye mnyororo na jioni unawafungua, na mwizi akija wanamshika. "Sasa niambie, daktari. Mwizi akiisha, nani anawafunga?"

Alianza kucheka, kisha akaacha. "Mzee, umeuliza swali lenyewe. Wakati mwingine hawafungiki. Wanaweza kugeuka na kumuuma ndama wako mwenyewe. Ngozi, mapafu, ini, utumbo, popote. Wakianza, wewe piga kelele mapema. Tunayo kamba. Lakini kamba ni ya mapema."

"Nitapiga kelele," ulisema.

Ulisema hivyo, Baba. Nilikuwa nimekaa hapo kando yako.

Na dawa ikafanya kazi. Watu wa Ruiri wanaosema leo kwamba ile dripu ya dawa ya kinga ilikuua hawakuwa nasi siku tuliyotoka kliniki tukapita kule Kinoru kumsalimu Mwenda dukani kwake, ukasimama karibu na uwanja, mbele ya mama anayechoma mahindi. Ulichagua hindi moja, ukalirudisha, ukachagua lingine. Ulimwambia apake pilipili na ndimu. Nilikuomba uache. Nilikuwa nimezoea kukutazama ukisongwa na uji, na pale barabarani nilijiona tayari nikikupiga mgongoni mbele ya umati. Ukatafuna muda mrefu. Ukameza. Ukangoja, kichwa upande, kama zamani.

"Imepita," ukasema.

Kisha ukanitazama ukasema tena, polepole, kama unanifundisha neno. "Mama, imepita." Ukifurahi uliniita mama, kwa kuwa nina jina la mama yako mzazi. Ulikula lile hindi lote, ukanunua lingine la njiani, na Mwenda alipotuona tunakuja unatafuna, aliketi kwenye mfuko wa simiti.

Baadaye mbwa walianza kuuma, na mwanzoni ulipiga kelele kama ulivyoahidi. Mikono ilipowasha ukaja na gunzi la kujikunia mfukoni, ukamwonyesha Nesi Gakii wa kliniki vipele, akakupa mafuta ya kupaka. Ulipoanza kusikia baridi juani, ukivaa lile koti zito watu wakiwa kwenye shati, ulisema pia. Damu ikapimwa. Ikaonekana tezi ya shingoni imelegea, ukapewa vidonge vya asubuhi. Nesi alikusifu. Alisema angetamani wagonjwa wote wangekuwa kama Mzee wa Ruiri.

Kila kilichokuwa juu ya mshipi ulikisema.

Lakini alipouliza, "Na choo, Mzee?" macho yako yalikwenda dirishani. "Ni sawa." Aliuliza kila mara na kila mara dirisha lilikujibia. Mimi nilikuwa kwenye kiti cha pembeni, nikisoma bango la kunawa mikono kwa umakini ambao sijawahi kuupa kitabu chochote. Namba ya simu waliyokuwa nayo ilikuwa yangu. Maelezo nilipewa mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyesoma, mimi ndiye niliyejua kuyatamka yale majina marefu ya dawa. "Akihara kuliko kawaida yake, hata kama ni kidogo, usingoje kliniki. Nipigie siku hiyo hiyo." Nikamwitikia Nesi kwa kichwa. Kwa hivyo, Baba, kati ya watu wote wa nyumba ile, aliyejua maana ya tumbo lako kulegea ni mmoja tu, na huyo ndiye mtu ambaye hukuweza kumwambia.

Nilimwachia Mama ujumbe anipigie akiona tumbo lako limelegea. Mama alikubali. Lakini alipoona unazunguka nyumba na jembe mara kwa mara, alifurahi. Kwake, dawa inayokuendesha ni dawa inayokusafisha. Ndivyo alivyolelewa, ndivyo alivyotunywesha sisi majani machungu tukiwa wadogo. Aliona uchafu wa saratani ukitoka. Alimshukuru Mungu kwa ajili yake, kwenye maombi ya wanawake, kwa maneno ya kuzungukazunguka ili asikuaibishe.

Wewe ulikwenda duka la dawa pale sokoni, ukasema ulikula nyama mbaya kwenye sherehe ya mahari ya jirani, ukauziwa vidonge vya amiba. Ukavimeza. Ukaendelea kubeba jembe. Nami nikarudi Embu Jumapili jioni nikiwa na furaha, kwa sababu nilikuona ukila ugali na kabichi, na nikaandika kwenye simu, nikawatumia marafiki zangu, kwamba baba yangu anapona.

Waliponiita, Mwenda alikuwa amekodi gari akakufikisha hospitali mjini Meru. Tumbo lilikuwa gumu kama ubao. Daktari wa upasuaji alitoka akiwa bado na kofia ya kitambaa, akatueleza tukiwa tumesimama ukutani. Kinga ya mwili ilikuwa imeushambulia utumbo mpana kwa muda, si siku moja wala mbili. Ukaungua ndani, ukatoboka. Walikuwa wameusafisha na kuukata palipotoboka. Tusubiri. Tulisubiri. Asubuhi ya pili ulikuwa umekwenda.

Yule daktari uliyemuuliza habari za mbwa alikuja baadaye, amevaa nguo za kawaida, nafikiri ilikuwa siku yake ya mapumziko. Alikaa nasi. Nilimuuliza kuhusu donge, sijui kwa nini, labda nilitaka kitu cha kuuliza. Akasema picha ya mwisho ilionyesha limenywea karibu lote. "Koo lake lilikuwa zuri," akasema.

Ulikufa koo likiwa wazi, Baba. Sijui nifanye nini na sentensi hiyo. Nimeibeba hadi maabara, hadi kanisani, nimeamka nayo.

Baada ya watu kuondoka, wakati turubai na viti vya kukodi vikipakiwa, Mwenda aliniita kwenye tangi la maji. Hapo ndipo nilipojua habari ya nyundo na ukanda wa tairi. "Alinieleza," akasema. "Kwamba tumbo linaendesha. Akaniambia, usimwambie Kathure. Ataita hospitali, na hawa watu watanikatia dawa, na mimi sasa ninakula." Akafuta uso kwa mkono wenye vumbi. "Na hata angesema nikuambie, ningeanzia wapi? Wewe ni dada yangu."

Nilitaka kumpiga. Kisha nikaona kwamba anasema kweli, kwamba ningekuwa yeye, na yeye awe mimi, ningesimama vilevile. Tulibaki pale, tangi likidondosha maji.

Nimekukasirikia. Ninalisema hapa kwa sababu siwezi kulisema pale kaburini Mama akiwa amepanda maua. Nimekukasirikia kwa sababu uliniita mama. Mtoto humwambia mama yake tumbo linamuuma. Ulipokuwa mdogo ulimwambia mama yako, bila jembe begani, na nina hakika alikushika mkono akakupeleka nyuma ya nyumba. Ulinipa jina lake. Kwa nini hukunipa na hilo?

Kisha hasira huisha nikikumbuka maneno mengine. "Na mimi sasa ninakula." Uliogopa kurudi kwenye kile kikombe cha maziwa. Hapo siwezi kukukasirikia.

Sasa nikueleze kuhusu Baba Mdogo.

Siku ya mazishi yako nilimwona akila wali kwa maji, tonge na funda, tonge na funda. Nilifikiri ni huzuni. Ndugu yako Kirimi, ambaye hajawahi kunyamaza sokoni wala matangani, alikuwa kimya mezani, nikafikiri ni huzuni. Mvua zilipoanza hakuweza tena kumeza nyama. Akapigwa kamera. Ni mahali palepale, Baba, kana kwamba mligawana.

Donge lake lilikuwa limeshavuka hadi mahali ambapo kisu hakifai. Wakasema watampa kemo pamoja na dawa ya kinga tangu mwanzo. Akawaambia, "Mimi sifunguliwi mbwa," akavaa kofia akarudi kwa mbuzi wake.

Jumapili moja baada ya kanisa familia ikakutana nyumbani kwetu. Kiti chako hakuna aliyekikalia. Baba Mdogo aliketi karibu na mlango, amepungua, mashavu yameingia, lakini mdomo ni uleule. Akaniita nitoke jikoni.

"Profesa," akasema. Ananiita hivyo tangu nilipoingia chuo, ingawa ninachosoma ni udongo. "Mimi najua kusoma mbuzi. Dawa sijui kusoma. Hiyo dripu ilimaliza ndugu yangu, na wewe ulikuwa naye kila mara. Ukisema nikubali, nitakubali. Ukisema niache, nitaketi na watoto wangu tungoje. Lakini useme wewe."

Wote wakanitazama. Mama, Mwenda, mke wa Baba Mdogo akiwa na mtoto mgongoni.

Nilikuwa nimekuja na jibu. Lilikuwa hapana. Tangu ufe nilikuwa nimesoma kila nilichoweza kupata kuhusu ile dawa, nikitafuta ndani yake mtu wa kumshtaki. Yale maandishi yana majedwali. Katika jedwali moja wanawekwa wale ambao donge lao lilinywea. Katika lingine wanawekwa wale waliouawa na tiba. Nilikaa siku nyingi nikiyatazama kabla sijatambua kwamba wewe ungeandikwa katika yote mawili. Ni mtu yuleyule. Yule anayetafuna mahindi pale Kinoru na yule aliyelala tumbo gumu kama ubao, ni mtu yuleyule, na dawa ni ileile. Kilichokuwa katikati yao ni mlango wa bati, na sisi tukichambua maharagwe.

Nikamwambia akubali.

Kisha nikasema kuna sharti. Nitampigia kila asubuhi nimuulize habari za choo, na atanijibu mimi. Hatamjibu Mwenda anipelekee. Hatamwambia Mama. Atanijibu mimi, kwa mdomo wake, hata kama ni aibu.

Mwenda alitazama viatu vyake. Mama akasema kwa sauti ya chini, "Kathure, hayo si maneno ya sebuleni." Nami nilikuwa nimelitamka lile neno mbele ya kiti chako.

Baba Mdogo alinigeukia. "Yaani," akasema, "nimesaidia kusomesha mtoto, mbuzi wangu wameisha, ili aje anikague matako?"

Mkewe ndiye aliyeanza kucheka. Kisha Mwenda. Mama alijifunika uso kwa leso, mabega yakitikisika, na sikujua kama anacheka au analia mpaka alipoiondoa nikaona ni vyote.

"Na nikikataa sharti?" Baba Mdogo akauliza.

"Basi usianze dawa."

Alitoka nje akaenda kumtazama yule ndama. Aliporudi akasema, "Sawa. Lakini uulize haraka."

Akatundikiwa dripu. Asubuhi iliyofuata nikapiga.

"Niko sawa," akasema kabla sijafungua mdomo.

"Sikuuliza kama uko sawa, Baba Mdogo."

Nilisikia redio, jogoo, mtu akisukuma mkokoteni. Nikangoja. "Kawaida," akasema hatimaye, akakata simu. Siku iliyofuata vivyo hivyo. Baada ya wiki moja akaanza kunitania kuliko mimi ninavyomuuliza. "Leo hakuna mkutano, Profesa." "Leo mbuzi wametoka vizuri, wagumu, wamejipanga." Nilikuwa nacheka peke yangu chumbani humu halafu nakaa kitandani na kulia, kwa sababu ilikuwa rahisi hivyo. Lilikuwa jambo la dakika moja. Mtu anauliza na mwingine anajibu, na jua linachomoza kama siku zote.

Na koo likaanza kufunguka. Alinieleza yeye mwenyewe, kwanza uji mzito, halafu viazi vilivyopondwa, halafu juzi ugali na nyama ya kuchemsha. Alisema mkewe aliweka sahani chini akaimba.

Leo asubuhi yeye ndiye aliyenipigia kwanza. Hakusema Profesa.

"Kathure. Ninahara."

Nikamuuliza tangu lini. Tangu jana. Nikamuuliza kama kuna damu. Akanijibu. Nikamuuliza yote niliyofundishwa kuuliza, na yote akajibu, moja moja, kama mtu anayevua nguo mbele ya mtoto wa ndugu yake. Nilipomaliza, akasema:

"Nimekuambia kwa sababu niliahidi. Sasa na mimi nakuomba kitu kimoja. Usiwaambie bado. Kesho ni dripu. Wakisikia, wataisimamisha, na juzi nimekula ugali. Wewe unajua vile nilikuwa. Hii kitu ikirudi kwa koo haitatoka tena. Ngoja dripu ipite, halafu tuone. Tafadhali, mtoto wa ndugu yangu."

Ilikuwa sauti yako. Sisemi ilifanana. Kile ulichomwambia Mwenda na ukakataa nisikisikie, nilikisikia leo.

Na hajakosea, Baba. Hilo ndilo linalonikaba. Nimesoma vya kutosha kujua kwamba wakisimamisha inawezekana wasiirudishe. Zile dawa za kutuliza mbwa huwatuliza wote, hata wale waliokuwa wamemshika mwizi. Kuna watu ambao donge hubaki limelala hata dawa ikikoma, na kuna ambao donge lao huamka. Huenda ugali wa juzi ulikuwa wa mwisho. Na ikiwa hivyo, atakaa kwenye kile kiti karibu na mlango, kikombe cha maziwa mkononi, akimeza na kungoja, na kila nikiingia atanitazama mimi. Huenda pia lilikuwa tumbo la kawaida tu, maji mabaya, la kupita lenyewe.

Nilimwambia nimesikia.

Sitaki kukuaga vizuri, lakini nitakuaga. Lala, Baba. Lala bila jembe, hakuna anayekutazama. Nikija mwisho wa mwezi nitakuletea hindi la kuchoma kutoka Kinoru, na ninajua Mama atanigombeza kwa kuweka chakula kaburini. Ninakuahidi kwamba mtu wa kwetu akiwa na uchungu mahali popote mwilini mwake, mimi nitauliza, na nitangoja jibu, hata akitazama dirisha.

Nimeng'oa ule ukanda wa tairi kwenye nguzo. Nilifanya hivyo wiki jana, Mwenda akanishikia mlango.

Na kuhusu Baba Mdogo: nilikata simu yake nikampigia Nesi Gakii papo hapo, kabla sijatafuta karatasi ya kukuandikia. Mwenda ameshampeleka. Wamemlaza, wameanza kumpa dawa za kutuliza, na dripu ya kesho imefutwa. Mkewe ndiye aliyenieleza. Nimempigia yeye mwenyewe tangu saa nne na simu inaita mpaka inakatika, na kesho asubuhi nitapiga tena.

Binti yako,
Kathure